Pikipiki ya Zahoro Haiwaki

Kambi ya Mkonge, Soga
12 Oktoba 1952

Kwa mke wangu Biubwa,

Salamu zitangulie, ingawa leo sina nyingi. Mimi ni mzima isipokuwa mikono. Utomvu wa mkonge umeingia kwenye nyufa za vidole, vinawasha kama nimeshika upupu. Kutwa nasimama mbele ya korona, ile mashine inayosaga majani ya mkonge mpaka zibaki nyuzi, nayo inalia hata mtu akikuita unaona mdomo tu. Kwa hiyo Jumapili iliyopita nilitaka kusikia habari njema. Sikuzisikia.

Saburi, mchukuzi wa stesheni ya hapa, alikwenda kwao Kisarawe akapita Kibuta. Anasema ameiona pikipiki yangu uani, haina turubai, na kuku ametaga juu ya kiti. Alinieleza huku akicheka, na wenzake wakacheka, na tangu siku hiyo hapa kambini naitwa Bwana Mayai.

Biubwa, ile si baiskeli. Nilimbebea yule Mzungu mpima ardhi minyororo yake ya kupimia miaka minne, na alipoondoka akaniachia kwa mkono wake na karatasi yake. Imekwenda Kilwa ikarudi. Imekwenda Songea ikarudi. Ina miaka kumi na tisa, na ikitunzwa itanizika mimi. Si kiota.

Iingizwe bandani leo hii. Hemedi asiiguse. Ni mdogo wangu tumbo moja, lakini namjua: mara ya mwisho aliipeleka ngomani Maneromango, akairudisha kikanyagio kimepinda na yeye anapiga mluzi. Na ile hirizi niliyoifunga kwenye usukani, mtu asiiguse kabisa. Ina Yasini nzima, kaiandika mwalimu Kitwana. Atakayeikata asinilaumu.

Wewe umefika darasa la nne, mimi la pili, kwa hiyo najua umeelewa.

Zahoro bin Mwishehe


Kibuta, Kisarawe
19 Oktoba 1952

Mume wangu Zahoro,

Shikamoo. Pole kwa mikono. Paka mafuta ya nazi kabla ya kazi, si baada.

Barua yako nimeisoma mara mbili, nikitafuta mahali ulipouliza hali yangu. Sikupaona.

Banda limeanguka. Vuli imewahi mwaka huu, na mwishoni mwa mwezi wa tisa ukuta wa nyuma ukalala chini. Mimi na Tatu, mke wa Hemedi, ndio tuliovuta pikipiki yako kutoka matopeni, wanawake wawili, mmoja ana mtoto mgongoni. Turubai sasa ndilo paa la jiko. Kuku ni wa mama yako, ukitaka kumkanya mwandikie mwenyewe mama yako.

Mwanao Sikuzani, binti wa Hemedi, alishikwa na degedege mwanzoni mwa mwezi huu. Macho yaligeuka, tukajua amekwenda. Alhamdulillahi alirudi, na leo anatambaa na kula udongo.

Sasa habari yenyewe. Abeid, karani wa Boma la Kisarawe, ametangaza msikitini kwamba wanatafuta tarishi wa kupeleka barua na dawa Maneromango, Mzenga na huku kwetu. Awe na pikipiki yake mwenyewe. Iletwe Bomani Jumatatu tarehe 24 Novemba, ionekane inawaka na inapanda mlima. Hata ndugu anaweza kuileta, alimradi karatasi ina jina la mwenyewe. Mwenyewe aanze kazi tarehe mosi Desemba.

Hemedi alipiga kiki mara ishirini. Haiwaki. Haikohoi hata kidogo. Usikasirike kwamba ameigusa. Kasirika kwamba haiwaki, kisha uniambie nifanye nini.

Biubwa wa Mlandizi


Kambi ya Mkonge, Soga
26 Oktoba 1952

Kwa mke wangu Biubwa,

Barua yako niliisoma nikiwa kwenye foleni ya posho, zamu yangu ikanipita na sikusikia. Tangu siku hiyo sioni mkonge, naona barabara ya Maneromango. Tarishi! Nikae juu ya kitu changu, nivae shati kavu, na wewe nikuone kila jioni.

Kipande changu cha kazi, kile nilichotia dole gumba, kinamalizika Ijumaa tarehe 28 Novemba. Nikiondoka kabla, nimetoroka, na mtoro hupelekwa kwa hakimu. Boma halimwandiki mtu aliyetoka kwa hakimu. Kwa hiyo tarehe 24 sitakuwapo, na lazima iwake bila mimi. Utaiwasha wewe. Nasema wewe. Hemedi asukume na apige kiki, hiyo ni kazi ya miguu. Spana asishike.

Spana zimo kwenye mfuko wa ngozi wa ubavuni, ule wa kushoto. Fungua plagi. Utaikuta nyeusi. Isugue kwa waya na mafuta ya taa mpaka ing'ae, na ule mwanya wa mdomoni uwe wa kupita ukucha wa kidole kidogo, usizidi. Petroli ya zamani imwage mbali na jiko. Ndani ya tangi tia kokoto safi na mafuta ya taa, tikisa mpaka kutu itoke, kama unavyosafisha chupa, kisha tia petroli mpya. Oili ya zamani imwage, tia ile iliyobaki kwenye debe dogo. Usitie mafuta ya nazi. Naijua nyumba hiyo, kila kitu kinatiwa mafuta ya nazi. Cheni ivue, ioshe, kisha ichemshe kwenye mafuta ya ng'ombe, uiache ipoe humo humo, ndivyo mafuta yanavyoingia kwenye pingili. Yule Mzungu alifanya hivyo kila baada ya safari.

Ukimaliza yote niandikie. Kuna jambo moja la mwisho, hilo nitakwambia mwisho. Fundi hatoi yote siku moja.

Zahoro


Kibuta
2 Novemba 1952

Mume wangu,

Shikamoo. Nimemaliza yote.

Plagi inang'aa. Tangini ilitoka kutu nyekundu kama uji wa mtama, mara tatu, mara ya nne yakatoka mafuta meupe. Kwenye bomba la moshi nyigu wamejenga, nikawatoa kwa moshi, wakaniuma mkono wa kushoto. Cheni imechemshwa. Nyumba nzima inanuka ng'ombe na mama yako amehamia kula kwa jirani. Jana alisimama mlangoni akasema, "Mwanangu niliambiwa ameoa binti, kumbe ameoa gereji." Nikamjibu, "Mama, lete mguu nikutie grisi." Akacheka mpaka akakaa chini.

Lakini haiwaki, Zahoro. Wiki nzima Hemedi anapiga kiki kila akitoka shamba. Ugoko umevimba. Vijana wa hapa wanapita wakisema, "Shemeji Biubwa, huyo punda kafa, mzikeni kabla hajanuka." Hemedi anawafukuza kwa mawe kisha anarudi kupiga tena.

Nilifanya hivi: nilitoa plagi, nikaiacha na waya wake, nikailaza juu ya chuma cha injini na Hemedi akapiga. Ulinionyesha zamani kwamba hapo hurukia cheche. Hakuna cheche. Tumerudia kivulini, tumerudia chini ya shuka. Hakuna.

Basi nikaufuata ule waya unatoka wapi. Unatoka kwenye magneto, ile inayotengeneza umeme, kwenye kikombe cheusi kilichobanwa na klipu mbili. Nimekivuta. Ndani yake mna tundu jembamba, na tundu hilo ni tupu. Lina vumbi jeusi, laini, la kupaka vidole. Kitu kilikuwa kinakaa humo, kikisuguliwa.

Nakuuliza kwa adabu, na ni mara moja tu nauliza kwa adabu. Hakuna kilichopungua kwenye pikipiki hii?

Biubwa


Soga
7 Novemba 1952

Biubwa,

Nani kakutuma kufungua magneto? Nilikwambia plagi, tangi, oili, cheni. Magneto sikuitaja. Mtu akiachiwa mlango hafungui sanduku.

Basi. Umeshaliona tundu, siwezi kusema halipo.

Humo hukaa kijiti cha kaa, cheusi kama mkaa, ukubwa wa pingili ya mwisho ya kidole kidogo, na springi nyembamba nyuma yake. Ndicho kinachopokea umeme wa magneto na kuupeleka kwenye plagi. Bila hicho Hemedi atapiga kiki mpaka Idi. Nilikitoa mimi asubuhi niliyoondoka, wewe ukiwa kisimani. Hakiko huku Soga. Kimo ndani ya hirizi, pamoja na springi yake.

Hakuna Yasini. Mwalimu Kitwana hajui lolote. Ile ngozi nilishona mwenyewe kwa sindano ya magunia. Nilijua kufuli Hemedi atalivunja, na nikikificha juu ya dari atakitafuta, lakini hirizi anaiogopa kama nyoka. Ilikuwa nikwambie mwisho, ukishamaliza kazi zote, ili kisitoke mapema kikamfikia.

Unataka sababu, najua. Siku ile ya mnada wa Kisarawe nilikuwa nimesimama kwa muuza chumvi. Nikamwona Hemedi anakuja na pikipiki yangu na wewe uko nyuma. Umemshika kiunoni. Kanga inapepea na unacheka mdomo wazi. Mimi sijawahi kukuchekesha hivyo. Nilirudi nyumbani kwa miguu. Mwezi uliofuata nikaandikishwa mkonge, na sikutaka mashine yangu imbebe mtu huyo wala mtu yeyote wakati mimi nimesimama mbele ya korona.

Sasa kata hirizi. Fanya peke yako. Springi itangulie ndani, kaa lifuate, kisha kikombe na klipu zake. Itawaka kwa kiki ya pili au ya tatu. Hemedi asijue kilikuwa wapi. Zimebaki siku kumi na saba.

Zahoro


Kibuta
12 Novemba 1952

Zahoro,

Leo shikamoo imenikwama, usiitafute.

Hirizi haiko kwenye usukani. Haiko tangu tarehe tano Oktoba. Iko shingoni mwa Sikuzani.

Aliposhikwa na degedege Hemedi alikuwa Mzenga na mvua inamwagika. Tatu alitoka mbio akaenda kwenye pikipiki yako, akaitafuna ile kamba kwa meno. Nikamwambia, "Tatu, mwenyewe alisema siku anaondoka, aikataye asimlaumu." Akanijibu, "Mkono upooze, mtoto abaki." Akamfunga. Kabla sijafika na maji, mtoto akalegea, akalia, akaomba ziwa. Tulilia sote. Sikukuandikia kwa sababu niliogopa utasema tumeharibu kinga ya chuma chako. Niliogopa, Zahoro! Wiki tano nimekaa na hofu ya Yasini uliyoishona kwa sindano ya magunia!

Nilipopata barua yako nilikwenda kwa Tatu, nikakaa, nikamsaidia kukuna nazi, kisha nikasema, "Nipe ile hirizi kidogo, mwenyewe anaihitaji kwa pikipiki."

Akasema, "Kwani pikipiki nayo ina degedege?"

"Nitakuletea nyingine, mwalimu ataiandika leo leo."

"Hiyo nyingine ipeleke kwa pikipiki. Hii mwanangu kaizoea."

Hemedi alikuwa anachonga mpini, akacheka. Mimi nilikuwa na wembe kwenye pindo la kanga. Sikuzani akaja akitambaa, akashika goti langu asimame, na hiyo hirizi yako kaitia mdomoni, anaitafuna, imelowa mate. Ilikuwa karibu na mkono wangu kuliko kalamu hii. Sikuufungua wembe.

Degedege hurudi, unajua. Likirudi nami nimeikata, Tatu atanitazama maisha yangu yote, na nitamjibu nini? Kwamba alichomvalisha mwanawe ni kijiti cha mashine, na baba yake mkubwa aliwadanganya kwa jina la Yasini ili ndugu yake asipande pikipiki?

Na ya mnadani. Nilimshika Hemedi kiunoni kwa sababu apandaye pikipiki hushika, asiposhika huanguka. Nilicheka kwa sababu ilikuwa mara yangu ya kwanza kupanda. Miaka miwili unayo, hujanipandisha hata mpaka kisimani. Umeifuta, umeichemshia mafuta, umeizungumza, na mimi nimeitazama. Mtu mmoja aliniambia, "Shemeji, panda, mguu utakuuma." Ningefurahi kama ungekuwa wewe.

Kaa lako liko shingoni mwa mtoto. Nakwambia ili usije ukasema hukuambiwa.

Biubwa


Soga
15 Novemba 1952

Biubwa,

Ni kaa! Kaa la mashine! Halijaandikwa kitu, halimzuii shetani wala mbu. Mtoto alipona kwa sababu Mungu alitaka apone, na angepona hata Tatu angemfunga kijiko. Mngoje alale, kata uzi wa ubavuni, toa kijiti, tia kipande cha mkaa wa jikoni kinachofanana, shona. Tatu hatajua. Wewe uliyejua kufuata waya mpaka kwenye magneto, hili linakushinda?

Nilikwenda kwa fundi wa gereji ya shamba. Anasema kaa kama hilo litaagizwa Dar es Salaam, na Dar es Salaam wataagiza Ulaya, labda Februari. Nikamwambia nalitaka ndani ya siku tisa. Akaniuliza lile la zamani liko wapi. Nikamwambia limepotea. Ningemwambia nini?

Juzi korona imechukua vidole viwili vya Jumbe, mwenzangu wa Mlandizi. Alikuwa amesimama pale pale ninaposimama mimi zamu ya asubuhi. Walimwaga mchanga juu ya damu, tukaendelea. Tarehe 24 ikipita mimi nitatia dole gumba kwenye kipande kingine, miezi sita mingine, na nitasimama kwenye mchanga huo. Ukimhurumia mtoto, hesabu na vidole vyangu.

Nimeisoma tena barua hii. Ina maneno ambayo nisingeyasema usoni kwako. Siifuti, karatasi ni moja.

Zahoro


Kibuta
19 Novemba 1952

Kaka,

Shikamoo. Mimi siandikagi barua, unajua. Darasa moja na nusu. Shemeji hakutaka kunionyesha zako. Nilimwona ameinamia jiko analia na karatasi mkononi, nikaichukua, tukabishana, mwisho akanisomea zote, na ile ya kiunoni.

Kaka, nilipiga kiki wiki tatu. Ugoko umevimba kama muhogo. Nilipiga ili wewe utoke kwenye mkonge. Na wewe huko ulijua haitawaka. Ulikaa ukila posho ukijua.

Kikanyagio cha Maneromango nilikipinda kweli. Hilo sema mpaka kesho. Lakini shemeji yangu nilimpandisha kwa utani wa shemeji, mchana, mbele ya mnada mzima na wewe mwenyewe ukiwemo. Mtu mwenye nia mbaya hupita njia ya mnada?

Tatu hajui kilichomo ndani ya ile hirizi na hatajua. Ukimtuma mtu aiguse shingoni mwa mwanangu, mtu huyo na mimi tutapigana, hata akiwa ndugu yangu.

Marahaba yako siihitaji.

Hemedi bin Mwishehe


Kibuta
24 Novemba 1952, jioni

Zahoro,

Naandika mikono ikiwa na oili, karatasi ikichafuka usinilaumu.

Barua yako ya tarehe 15 ilinifika, ya mkaa wa jikoni. Sikuikata hirizi. Lakini nilikaa nikiwaza juu ya lile neno, kaa. Vumbi lile la kwenye tundu nililiona mahali. Nikakumbuka: watoto wa chuoni wakipasua betri ya tochi iliyokufa hutoa katikati yake kijiti cheusi, wanaandikia ukutani, na vidole vyao huwa vyeusi vile vile, laini vile vile. Nikamwambia Hemedi, "Lete tochi." Akaniuliza, "Mchana huu?" Nikamwambia, "Lete, na uagane nayo."

Kijiti kilikuwa kinene mno. Nilikisugua juu ya jiwe la kunolea, nikipima kwa njiti ya kiberiti niliyoitia kwenye tundu na kuikata. Cha kwanza kilivunjika. Tukaenda kuomba betri mbovu kwa mwalimu Kitwana. Cha pili nilikipunguza mno, kikacheza tunduni kama jino la bibi. Cha tatu kiliingia, kikakaa. Springi nilitoa kwenye kufuli la sanduku lako. Ndiyo, nimelivunja. Mlango niliachiwa, na sanduku nimefungua.

Jana baada ya sala ya adhuhuri Hemedi akapiga kiki. Ya kwanza, kimya. Ya pili ikakohoa. Ya tatu ikawaka, Zahoro, ikatoa moshi mweupe, kuku wote wa mama yako wakapanda mnazi, na mama yako akatoka jikoni na mwiko akipiga vigelegele. Wale vijana wa punda walikuja kusimama mbali.

Leo tumekwenda Bomani. Hemedi aliendesha. Mimi nilikaa nyuma kwa sababu kaa likivunjika njiani ni mimi ninayejua kulitia, na nilikuwa na mengine mawili kwenye kiberiti. Nilimshika kiunoni. Kanga ilipepea. Tatu mwenyewe ndiye aliyenifunga kilemba, akasema, "Mkianguka, angukia upande wa Hemedi, yeye ni mnene." Nakueleza yote ili usiyasikie kwa Saburi.

Ilipanda mlima wa Kisarawe bila kusukumwa. Karani Abeid aliizunguka, akapiga tairi kwa kiatu, akatazama karatasi. Akamwambia Hemedi, "Wewe ndiye uliyeileta, na kuendesha unajua. Kwa nini nisikuandike wewe? Huyu mwingine yuko mkonge." Mimi nilisimama pale nikimtazama Hemedi. Baada ya barua yako ya kiunoni, hata angekubali nisingemlaumu.

Hemedi akasema, "Mashine si yangu. Andika Zahoro bin Mwishehe."

Akaandikwa. Tarehe mosi Desemba, saa moja asubuhi, uwe Bomani na pikipiki.

Mwalimu Kitwana nilimweleza, maana alitaka kujua betri ni za nini na jina lake lilikuwa limeshatumiwa. Hakucheka. Alikuja, akamweka Sikuzani mapajani, akamsomea Yasini yote kichwani, Tatu amekaa mbele yake. Akaondoka. Hirizi imebaki ilipo.

Sasa sikiliza, wewe uliyefika darasa la pili. Tuliporudi nilifungua zile klipu mbili, nikatoa kijiti changu na springi yake, na vile viwili vya akiba. Vyote nimevifunga kwenye pindo la kanga niliyovaa. Utaikuta pikipiki barazani, imefutwa, imetiwa oili, cheni imelainika, na haiwaki. Nitakuwa nimekaa. Hemedi atakuwepo. Utaniomba kwa mdomo wako, mbele yake, na utasema unaomba nini na kwa nini huna.

Biubwa


Soga
28 Novemba 1952

Biubwa,

Kipande kimekwisha leo saa tisa. Barua hii anatangulia nayo Saburi kwa treni ya leo. Mimi nitashuka Pugu kesho na nitatembea. Nataka uisome kabla hujauona uso wangu.

Nilipoisoma yako nilikasirika. Nilisema huyu mwanamke amenifunga kwa kamba yangu mwenyewe. Niliizungusha hasira hiyo siku mbili mbele ya korona, nikitafuta mahali pa kuishika, na kila niliposhika palikuwa na mkono wangu.

Kwa Hemedi nilianza barua mara tatu. Mara tatu nilianza na kikanyagio. Nimezichana. Mwambie nakuja, na sitamwambia lolote la kikanyagio.

Tarehe mosi utakaa nyuma yangu mpaka Bomani. Nimesema utakaa, nimekosea. Nitakuomba na hilo.

Lakini lile fundo la kanga ulifungue mwenyewe nikishaomba. Vidole vyangu siku hizi havifungui fundo.

Zahoro